Dharura ikitangazwa, hasara ya mfanyabiashara wa mpakani huandikwa wapi?

Mvua ikinyesha usiku kucha kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Mto Lwakhakha hujaa kabla ya alfajiri. Maji hayo yakiendelea kuteremka huitwa Malaba, na hufika kwenye mabonde ya Mella na Kwapa upande wa Tororo, na kwenye vijiji vya Teso Kaskazini upande wa Kenya, hata kama jua limewaka huko tangu asubuhi. Mwenye stoo ya mahindi karibu na mto hahitaji redio kumpasha habari. Anafungua mlango na kukanyaga maji.

Sehemu hii ya Afrika Mashariki haina theluji. Ina mvua ya mawe inayotoboa mabati, upepo unaong'oa paa la darasa na kulitupa shambani, na mito inayovunja kingo. Busia ya Kenya ina soko ambalo watu wamelipa jina la Soko Matope, na hakuna mgeni anayehitaji kuelezwa sababu.

Siku mbili tatu baada ya maji huja magari ya serikali. Upande wa Kenya hufika chifu, maofisa wa kaunti na watu wa Msalaba Mwekundu. Upande wa Uganda hufika mwenyekiti wa LC1, maofisa wa kaunti ndogo na baadaye watu wa wilaya. Jioni yake redio husema kwamba viongozi wametangaza hali ya dharura, au wameitaka serikali kuu iitangaze. Mwenye stoo husikiliza akiwa ameanika gunia zake juu ya turubai, akijiuliza kama katika maneno hayo kuna shilingi yoyote inayokuja kwake.

Jibu fupi ni kwamba kuna kidogo sana. Na hicho kidogo huamuliwa katika siku za kwanza, kwenye daftari la chifu au la LC1, mapema kuliko hotuba yoyote.

Neno moja, maana tatu

Watu wengi mpakani hudhani gavana au mwenyekiti wa wilaya akisema "dharura" basi sheria fulani kubwa imeanza kufanya kazi. Sivyo.

Nchini Kenya, hali ya hatari ya kikatiba hutangazwa na Rais peke yake, chini ya Kifungu cha 58 cha Katiba ya 2010. Sababu zinazokubaliwa ni pamoja na vita, uvamizi, uasi na janga la kimaumbile. Tangazo hilo hudumu siku 14 tu isipokuwa Bunge la Taifa liliongezee muda. Gavana hana mamlaka hayo. Alicho nacho ni jambo jingine: Jedwali la Nne la Katiba hiyo limeyapa magatuzi kazi ya zimamoto na kukabiliana na majanga, kazi ambayo serikali kuu pia imepewa. Kwa hiyo gavana anaposimama mbele ya kamera na kutangaza janga, kinachofuata kisheria ni suala la pesa. Anafungua njia ya kutumia mfuko wa dharura wa kaunti.

Mfuko huo umewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kaunti inaweza kuuanzisha kwa idhini ya bunge lake. Waziri wa fedha wa kaunti anaweza kutoa malipo kabla ya kuwauliza madiwani, mradi ameridhika kwamba hitaji ni la haraka na halikutarajiwa, na kwamba pesa hizo haziwezi kusubiri. Baada ya kulipa, ana miezi miwili ya kwenda kuomba kibali cha bunge la kaunti. Na kuna kikomo: malipo ya mwaka mzima wa fedha hayawezi kupita asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyokaguliwa ya mwaka uliotangulia. Kwa kaunti yenye mapato ya shilingi bilioni 8, hesabu hiyo inatoa shilingi milioni 160. Hizo ni za moto, ugonjwa, ukame, upepo na mafuriko, kwa kaunti yote, kwa miezi 12. Barabara moja iliyokatwa na maji inaweza kumeza sehemu kubwa yake kabla mtu hajataja soko.

Uganda ni hadithi nyingine. Katiba ya 1995, Kifungu cha 110, inampa Rais, akishauriana na Baraza la Mawaziri, uwezo wa kutangaza hali ya hatari katika nchi nzima au sehemu yake, kwa muda usiozidi siku 90, na tangazo hilo lazima lipelekwe Bungeni ndani ya siku 14. Wilaya haitangazi. Wilaya ya Tororo au ya Busia ikipigwa na mafuriko, kamati yake ya majanga hukusanya taarifa na kuziandikia Ofisi ya Waziri Mkuu mjini Kampala, ambako kuna idara ya misaada na majanga. Kutoka huko, ikiwa stoo ina kitu, huja unga wa posho, maharage, blanketi na mabati. Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 249, ilitaka iwepo tume kamili ya kujiandaa na kusimamia majanga. Miongo imepita, na kazi imeendelea kufanywa na ofisi ya serikali kuu.

Kwa hiyo neno ni moja lakini lina maana tatu: amri ya Rais, ufunguo wa mfuko wa kaunti, na barua ya wilaya ya kuomba msaada. Mfanyabiashara anayesikia neno hilo redioni afadhali aulize kwanza ni lipi kati ya hayo matatu linalotangazwa.

Septemba 2007

Wazee wa biashara ya njugu na ufuta mjini Tororo wanaikumbuka ile ya kwanza. Mwaka 2007 mvua zilianza mapema katikati ya mwaka na hazikuacha. Teso ikageuka ziwa: Amuria, Katakwi, Soroti na Kumi. Mihogo ikaoza ardhini, njugu zikachipua shambani kabla ya kuvunwa. Huko Awoja, kwenye barabara ya kutoka Mbale kwenda Soroti, maji yakaifunika njia. Septemba 19, Rais Yoweri Museveni akatangaza hali ya hatari kwa maeneo ya mashariki na kaskazini yaliyofurika, ili serikali iweze kuelekeza pesa na nguvu huko na wafadhili wa nje wasikie.

Tangazo hilo lilileta helikopta, maboti na chakula. Kwa waliokuwa wamekwama vijijini hilo lilikuwa jambo la uhai, na hakuna anayelibeza. Lakini mnyororo wa biashara ulikuwa na watu wengine. Kulikuwa na mnunuzi wa Tororo aliyelipa arbuni ya njugu kabla ya mavuno, na mwenye lori aliyekopa kununua magurudumu, na mama wa Busia aliyeahidi wateja wa Kenya gunia kumi za ufuta. Hawa nyumba zao hazikuingia maji. Walikuwa zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye mafuriko na walianguka nayo. Hakuna orodha ya dharura iliyokuwa na safu ya kuandika arbuni iliyozama.

Hapo ndipo penye kasoro ya mfumo wote, na haikuanza wala kuishia 2007. Orodha za majanga katika nchi zote mbili hupangwa kwa kaya. Huuliza nyumba ngapi zimebomoka, ekari ngapi zimezama, ng'ombe wangapi wamekufa, watu wangapi wamelala shuleni. Ni maswali ya haki. Ila mji wa mpakani hauishi kwa ekari. Unaishi kwa bidhaa zilizo kwenye rafu, stoo, kibanda na lori, na nyingi ya bidhaa hizo zimenunuliwa kwa mkopo.

Anayeishi huku na kuuza kule

Chukua mfano wa mama anayelala Sofia, Busia ya Uganda, na kuuza mitumba kwenye kibanda upande wa Kenya. Huvuka asubuhi na kurudi jioni, kama maelfu ya wengine, na hahesabu kwamba amesafiri nje ya nchi. Usiku mmoja maji yanaingia sokoni na marobota mawili yanalowa matope. Asubuhi chifu wa upande wa Kenya anaandikisha walioathirika wakazi wa eneo lake. Mama anatoa kitambulisho cha Uganda. Si mkazi. Anarudi kwa LC1 wake ng'ambo, naye anamuuliza nyumba yake imepata nini. Nyumba haijapata kitu.

Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Kila ofisa amefuata fomu yake. Lakini hasara yake imetokea katika nchi moja na maisha yake yako katika nyingine, na fomu mbili zimeshindwa kumpata mtu mmoja.

Kinachoshangaza ni kwamba kwa mambo mengine mpaka huu umeshafunguka sana. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais Museveni na Uhuru Kenyatta Februari 2018, na Malaba nako maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Mizigo ya thamani isiyozidi dola 2,000 iliyozalishwa ndani ya Jumuiya hupita kwa cheti rahisi cha uasili, bila ushuru wa forodha. Bonde la mito ya Sio, Malaba na Malakisi limekuwa na mipango ya pamoja ya nchi mbili chini ya juhudi za nchi za Bonde la Nile. Bunge la Afrika Mashariki nalo lilipitisha mwaka 2016 muswada wa kupunguza na kusimamia majanga katika Jumuiya. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni daftari moja tu la sokoni ambalo chifu wa huku na LC1 wa kule wanaweza kulitia saini wote wawili.

"Lisilotarajiwa" la kila mwaka

Sheria ya Kenya inasema hitaji la dharura liwe halikutarajiwa. Neno hilo mtu alisome akiwa amesimama juu ya tuta la Mto Nzoia huko Budalang'i, kusini mwa Kaunti ya Busia.

Nzoia hukusanya maji ya Cherangani na ya Elgon, hupita nchi ya Mumias na kuingia Ziwa Victoria hapo Bunyala, mahali tambarare kama sinia. Matuta yalijengwa pande zote mbili kuuzuia. Matuta yamevunjika, yakarekebishwa, yakavunjika tena. Mei 2020 mto ulipasua kingo wakati ule ule ziwa lilipokuwa limepanda kuliko ilivyowahi kupimwa, likiipita hata rekodi ya 1964 iliyofuata zile mvua kubwa za 1961 ambazo wazee wa Kenya huziita mvua za Uhuru. Maji ya mto yalikosa pa kwenda. Ziwa lilikuwa linarudi nyuma kuelekea vijijini. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena na kuivunja rekodi hiyo ya 2020, na Bunyala ikahama tena. Nchi nzima ya Kenya ilikuwa imelowa: kufungua shule kuliahirishwa, na Mei 10 ikafanywa siku ya mapumziko ya kuwakumbuka waliokufa na kupanda miti.

Omena ya Port Victoria ndiyo inayopakiwa kwenda Busia, na kutoka hapo huvuka kwenda Tororo na Mbale, ambako huuzwa kwa jina la mukene. Mabanda ya kuanikia yakizama, bei ya debe mjini hubadilika ndani ya siku mbili. Wachuuzi wanalijua hilo vizuri kuliko kamati yoyote, na wengi hupunguza oda kuanzia Aprili. Yaani soko limeshatarajia. Idara za hali ya hewa za nchi zote mbili hutoa utabiri wa msimu, na kituo cha kanda cha ICPAC hutoa wake mara tatu kwa mwaka. Kama mchuuzi wa omena anaweza kutarajia, ni vigumu kuelewa kwa nini bajeti haiwezi.

Pengine sababu ni kwamba dharura ina raha yake. Ununuzi wa kawaida wa serikali una zabuni, matangazo na rufaa. Sheria ya ununuzi ya Kenya ya 2015 inaruhusu kununua moja kwa moja kwa mtu mmoja panapokuwa na janga, ingawa inaongeza sharti kwamba hali hiyo isiwe iliweza kutabirika wala isitokane na uzembe wa ofisi yenyewe. Mtaro uliozibuliwa Februari hauna picha ya kupiga. Lori la unga wa msaada Mei lina picha nyingi. Hakuna haja ya kumshuku ofisa yeyote kwa wizi ili kuona kwamba mfumo huu unalipa kuchelewa kuliko unavyolipa kuwahi.

Walivyofanya wenye theluji

Kwa kulinganisha, Februari 2021 jimbo la Texas huko Marekani, ambalo limezoea joto, lilipigwa na dhoruba ya theluji iliyozima umeme kwa mamilioni ya watu. Februari 12, gavana Greg Abbott alitangaza janga kwa kaunti zote 254 za jimbo hilo. Sheria ya huko inamruhusu hata meya au mkuu wa kaunti kutangaza janga la eneo lake mwenyewe, lakini kwa siku 7 tu. Kuendelea zaidi ya hapo ni lazima baraza likubali. Wiki moja baadaye Rais Joe Biden akaidhinisha tangazo kubwa la janga, mwanzoni kwa kaunti 77.

Texas si mfano wa kuigwa kwa kila kitu. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi kwa baridi ndani ya nyumba zao, na kaunti ya 78 ilikuwa na sababu ya kuuliza maji yaliyoganda kwenye mabomba yake yana tofauti gani na ya jirani. Lakini kuna jambo moja la kutazamwa na mtu wa Busia. Tangazo lile la shirikisho lilifungua dirisha la mikopo ya riba nafuu kwa biashara, kupitia shirika la serikali la biashara ndogo, kwa wenye hasara ya mali na hata kwa waliokosa wateja tu. Mwenye duka alikuwa na mlango wa kugonga, wenye anwani na tarehe ya mwisho.

Mpakani kwetu tangazo halifungui dirisha kama hilo. Wala halisimamishi deni. Chama cha akiba na mkopo kinataka marejesho yake Ijumaa, maji yawepo yasiwepo, na kundi la akina mama la merry-go-round haliwezi kuruka zamu bila mtu mwingine kuumia.

Unga wa bure sokoni

Kuna athari moja ambayo wauza nafaka huiona baada ya maji kukauka, nayo huwa haisemwi sana kwa sababu anayeisema huonekana hana huruma.

Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, katika Jedwali la Tano, inasamehe ushuru bidhaa za msaada zinazoletwa kwa matumizi ya dharura katika eneo lililokumbwa na janga ndani ya nchi mwanachama. Ni vyakula, vyombo vya nyumbani, vifaa vya makazi ya muda, na vya afya, usafi na elimu, vikiingizwa na serikali au wakala wake aliyekubaliwa ndani ya miezi 6, muda ambao kamishna anaweza kuuongeza usizidi 12. Huo ni msamaha wa maana. Mtoto aliyelala darasani asingojee hesabu za ushuru.

Lakini chakula cha bure kikishafika, hakikai kambini chote. Familia iliyopewa mahindi na haina kuni wala dawa huuza debe moja ili kupata vingine, na ina haki ya kufanya hivyo. Debe hilo hutua sokoni karibu na la mfanyabiashara aliyelinunua kwa bei ya shambani, akalipa lori, ushuru wa soko na mpakuzi. Wanaopanga misaada wana njia ya kupunguza mgongano huo: kununua sehemu ya chakula kwa wafanyabiashara wa eneo lenyewe ambao stoo zao zimepona, au kutoa pesa taslimu mahali ambapo soko bado linafanya kazi. Tororo na Busia ni miji ya nafaka. Mara nyingi mahindi hayakosekani mjini wakati wa mafuriko. Kinachokosekana ni pesa mfukoni mwa aliyezamishiwa nyumba.

Karatasi iliyo kavu

Kwa mwenye mzigo, swali la kwanza baada ya maji ni mzigo ulikuwa wapi. Ukiwa bado chini ya mikono ya forodha, kwenye eneo lao au ghala lao, na ukaharibiwa kwa ajali kabla ya kutolewa, sheria hiyo hiyo ya 2004 ina nafasi ya kusamehewa ushuru. Wakala wa forodha anayejua kazi yake huomba maofisa waje waone mzigo ukiwa pale pale, kabla haujatupwa. Ukishatoka langoni, hasara ni ya mwenyewe na mlango huo umefungwa.

Swali la pili ni la ushahidi, na hapa njia za panya zinadai malipo yake. Aliyepitisha gunia zake kwa cheti rahisi cha uasili ana karatasi ya serikali inayosema alikuwa na nini, kiasi gani, cha thamani gani, tarehe gani. Akidai hasara mbele ya kamati, bima au chama cha mkopo, ana pa kuanzia. Aliyevuka usiku kwenye vivuko vya Mto Malaba ili kuokoa muda na maneno hana kitu cha kuonyesha isipokuwa matope. Mto huo huo ukifurika, vivuko hivyo ndivyo huua watu kwanza, na hata bodaboda, biashara iliyozaliwa hapa hapa mpakani kwa kuvusha watu kutoka lango hadi lango, hukataa kuvisogelea.

Risiti ya ushuru wa soko, ambayo wengi huikunja na kuitupa jioni, ni ushahidi kwamba mtu alikuwa na kibanda mahali hapo siku hiyo. Picha ya simu ya stoo ikiwa imejaa, iliyopigwa kabla ya msimu na kutumwa kwa ndugu, ni ushahidi mwingine ambao maji hayaufikii. Barua ya chama cha wafanyabiashara wa soko, ikiwa na majina ya wa pande zote mbili za mpaka na kupokewa kwa muhuri na ofisi ya chifu na ya LC1 ndani ya wiki ya kwanza, huifanya kamati iwe na jambo la kujibu. Bila barua hiyo, ofisa anajaza fomu yake ya kaya na kwenda zake.

Upande wa Kenya kuna jambo moja zaidi ambalo vyama vya soko hulitumia kidogo kuliko vingeweza. Sheria ya fedha za umma inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kusamehe ada au tozo ya kaunti, ikiwa kuna sheria inayoidhinisha msamaha huo, na hazina ya kaunti lazima iweke rekodi ya wazi ya kila msamaha pamoja na sababu yake. Ada ya kibanda kwa mwezi ambao kibanda kilikuwa chini ya maji ni mfano ulio wazi. Msamaha hauji wenyewe. Huombwa kwa maandishi, na raia ana haki ya kupeleka maombi rasmi katika bunge la kaunti. Kwa Uganda, ombi kama hilo huanzia manispaa au kaunti ndogo inayokusanya ushuru wa soko.

Halafu kuna kalenda. Kila kaunti nchini Kenya hupeleka mkakati wake wa fedha katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ndani ya karatasi hizo ndimo huamuliwa mfuko wa dharura utapata nini, na mitaro ya masoko itazibuliwa au haitazibuliwa, kabla mtu yeyote hajatangaza janga lolote. Wananchi hualikwa kutoa maoni. Mikutano hiyo huitishwa mchana, siku ya kazi, mara nyingine siku ya soko, msimu ambao wafanyabiashara wa Busia na Malaba wanahangaika kuhamisha gunia kutoka sakafuni na kuzipanga juu ya mbao.

Mwaka huu baadhi wataenda, baadhi watatuma mmoja wao na kumchangia nauli. Wa upande wa Uganda wenye vibanda Kenya hawana kiti rasmi katika mikutano hiyo, ingawa ada yao ya kila siku imo ndani ya hesabu inayosomwa.